Kompyuta kuukuu si jiwe la kuchenjulia uani

NI vigumu kumpata mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, awe Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Geita, asiye na kona ya vitu vilivyokufa. Utakuta monita yenye mgongo mkubwa, sipiyu mbili zilizofunguliwa na fundi zikabaki hivyo, kibodi zilizofutika herufi, na UPS inayolia mara moja kisha kuzima. Vitu hivyo havitupwi kwa sababu vilinunuliwa kwa fedha nyingi. Wala havitengenezwi, kwa sababu kipuri hakipo, au kipo kwa bei ya kompyuta nyingine. Vinakaa hapo vikipigwa vumbi hadi siku duka linapohama, au mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita na mkokoteni wake.

Siku hiyo ndiyo yenye mashaka. Mwenye duka anapata fedha ya soda na nafasi ya kuweka meza nyingine, lakini pamoja na chuma anakuwa ametoa risasi, tindikali, na mara nyingi majina, namba za simu na hesabu za wateja wake wote. Katika ukanda huu wa dhahabu kuna jambo la ziada. Hapa karibu kila mtaa una mtu anayejua kuchenjua, na huyo mtu amesikia kwamba ndani ya kompyuta kuna dhahabu.

Alichosikia ni kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Zilivyofika

Kompyuta hazikuingia kwa urahisi nchini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake, na ni katika miaka ya 1990, baada ya milango ya biashara kufunguliwa, ndipo zilipoanza kuonekana nje ya ofisi kubwa. Kwa Shinyanga na Geita msukumo ulitoka migodini. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Penye mgodi pana wakandarasi, wauza vyakula, madereva na vijana wanaotafuta kazi, na wote hao wanahitaji barua, ankara na maombi yaliyochapwa. Maduka ya kuchapa yakaota kama uyoga baada ya mvua.

Mashine nyingi zilizoingia humo zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kutumika Ulaya, Marekani au Uarabuni kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa meli. Kompyuta iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa na umri wa miaka mitano haina maisha marefu mbele ya vumbi la Kahama na umeme unaopanda na kushuka. Ikifa, hairudi ilikotoka.

Wimbi jingine limeshaanza. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. Kwa makampuni ya nje hiyo ni sababu ya kubadili mashine zote kwa mkupuo, na sehemu ya mashine hizo itauzwa kwa bei ya kutupa. Mfanyabiashara atakayefurahia bei hiyo leo ajue kwamba ananunua pia kazi ya kuitupa kesho.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kati ya hizo, asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Nyingine zimo kwenye makabati, madampo na moto wa uani.

Hesabu ya dhahabu

Tuanze na kile kinachowavutia watu. Ndani ya sipiyu kuna mbao za kijani zenye nyaya nyembamba na vipande vyeusi, na mafundi huuita ubao mkubwa mazabodi. Pini na meno ya mbao hizo hupakwa dhahabu kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba tani moja ya mbao hizo inaweza kuwa na gramu 200 za dhahabu au zaidi. Migodi mikubwa husaga mwamba wenye gramu chache tu kwa tani. Kwa karatasi, basi, ubao wa kompyuta ni tajiri kuliko mwamba wa Geita mara nyingi.

Lakini mchimbaji anayepima kwa pointi hapaswi kudanganywa na tani. Kompyuta moja ya mezani ina mbao za uzito wa kilo moja hivi, au pungufu. Kwa kiwango cha gramu 200 kwa tani, kilo moja ni gramu 0.2, yaani pointi mbili. Ili kuzipata hizo gramu 200 zinahitajika kompyuta kama 1,000, zikusanywe, zifunguliwe, mbao zitengwe, na kusiwe na chembe inayopotea njiani. Kahama nzima haina kona za maduka za kutosha kumlisha mtu mmoja kwa kazi hiyo mwaka mzima.

Kuna mfano wa Japani ambao ni vyema mchimbaji mdogo akaufahamu. Kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, nchi hiyo iliamua kutengeneza medali zote kutokana na vifaa chakavu vya elektroniki. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2019 zilikusanywa tani 78,985 za vifaa vidogo, pamoja na simu za mkononi zipatazo milioni 6.21. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32. Ukigawanya, ni chini ya nusu gramu kwa kila tani ya vifaa vizima vizima, na hiyo ni kwa viwanda vya Japani. Hakuna mwenye karasha wa Rwamagasa atakayesaga mawe ya kiwango hicho kwa hiari yake.

Tofauti kati ya gramu 200 na nusu gramu inatokana na plastiki, chuma, kioo na alumini, ambavyo ndivyo sehemu kubwa ya kifaa. Faida ya biashara hii inapatikana katika wingi wa mzigo na katika kupata shaba, fedha na madini mengine pamoja na dhahabu. Ndiyo maana mbao za kompyuta kutoka nchi nyingi huishia katika viyeyushi vichache vikubwa duniani, kama kile cha Umicore kilichopo Hoboken, Ubelgiji, chenye mitambo ya kunasa moshi ambayo gharama yake haiwezi kulingana na karai na moto wa mkaa.

Zebaki, ambayo wachimbaji wameizoea, haisaidii hapa. Dhahabu ya kwenye ubao ni rangi nyembamba iliyolazwa juu ya nikeli na shaba, nyingine imefungwa ndani ya plastiki na vipande vyeusi. Zebaki haiifikii iliyojificha, na pale inapogusa inajichanganya pia na risasi na bati iliyotumika kuchomelea. Mtu anabaki na uji wa metali usioeleweka, halafu anauchoma.

Wengine hukimbilia tindikali. Mchanganyiko wa tindikali mbili unaotumika kuyeyusha dhahabu hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Ubaya wa moshi huo ni kwamba mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akaenda kula na kulala, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka alikuwa akifanya nini mchana. Na pale ambapo tindikali inakutana na mabaki ya sianidi, jambo ambalo katika eneo lenye mialo na plenti za sianidi si la kufikirika tu, hutoka gesi inayoua kwa dakika chache.

Jimbo la Zamfara, Nigeria, linatoa funzo linalowahusu moja kwa moja watu wa ukanda huu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba watoto walikuwa wakifa katika vijiji ambako wazazi wao walisaga mawe ya dhahabu nyumbani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lake liliingia kwenye unga, maji na mikono ya watoto, na zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Kilichowaua ni risasi iliyofuatana na dhahabu hiyo. Mbao za kompyuta za zamani nazo zina risasi, kwenye kila nukta iliyochomelewa.

Tanzania imeshatumia nguvu nyingi kuondoa sumu kwenye dhahabu. Rwamagasa ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki katika miaka ya 2000, na mwaka 2020 nchi iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Itakuwa ajabu kama sumu iliyotolewa kwa mlango wa mwaloni itarudi kwa dirisha la duka la fotokopi.

Moto na monita

Njia ya pili ambayo watu huitumia kutengeneza fedha ni kuchoma nyaya ili kupata shaba. Plastiki inayofunika waya, inapoungua katika moto mdogo, hutoa tindikali ya hewani inayochoma macho na koo, na pia sumu ziitwazo dioksini zinazoshikamana na mafuta ya mwili na kukaa humo kwa miaka. Sumu hizo zinapotua kwenye majani hufuata njia anayoifahamu kila mfugaji: majani, ng'ombe, maziwa, mtoto. Kuku wanaodonoa penye majivu hayo hupeleka sumu kwenye mayai. Waya unaweza kumenywa kwa kisu. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini shaba isiyoungua mara nyingi hupata bei nzuri zaidi kwa mnunuzi.

Monita za mgongo mkubwa, pamoja na televisheni za namna hiyo, zinastahili tahadhari ya peke yake. Kioo chake kimechanganywa na risasi ili kuzuia mionzi, na monita moja inaweza kubeba risasi ya kilo moja au zaidi. Ikiwa nzima, risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo na haimdhuru mtu. Ikipasuliwa, vipande vinaruka kwa nguvu kwa sababu ndani hakuna hewa, na ule unga mweupe uliopakwa nyuma ya kioo unatimka. Aidha, monita inaweza kuwa na umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Wanaozipasua ni watoto wanaotafuta sumaku na shaba ya shingoni mwake. Kwa hiyo monita iliyokufa ihifadhiwe nzima, uso ukielekea ukutani, mahali ambapo mpira hautaifikia.

Ipo tabia ya kutupa takataka za namna hii kwenye maduara yaliyoachwa na wachimbaji. Shimo lipo, halina mwenyewe, na kitu kikiingia humo hakionekani tena. Lakini maduara hayo hujaa maji masika, na katika nchi kavu kama Shinyanga hakuna maji yanayokaa bila mtu au mnyama kuyafuata. Risasi na kadimiamu haziozi. Mkulima anayelima mchicha pembeni ya dampo kwa kuwa udongo wake ni mweusi na laini, anavuna pamoja na kile kilichotupwa hapo miaka 20 iliyopita.

Betri ni hatari kuliko kompyuta

Kama mfanyabiashara ana muda wa kushughulikia kitu kimoja tu katika kona yake, basi aanze na UPS. Ndani yake kuna betri ya risasi na tindikali, ndogo wa ile ya gari na ile ya sola. Kwa kuwa betri hizi zina soko, ndizo zinazoondoka haraka, na ndizo zinazoua.

Thiaroye-sur-Mer ni mtaa wa pwani jirani na Dakar, Senegal. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki hapo. Akina mama wa mtaa huo walikuwa wakichekecha mchanga uliochanganyika na risasi ya betri kuukuu ili kuiuza, na watoto walikuwa migongoni mwao.

Karibu zaidi ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza mwaka 2007 kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba maziwa aliyomnyonyesha mwanawe yalikuwa na risasi, akaanzisha mapambano yaliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hiyo ni miaka 17 tangu tanuru liwashwe, na fidia haiondoi risasi kwenye mifupa.

Betri ya UPS au ya sola haimwagwi tindikali yake ili ipungue uzito, hata kama mnunuzi anataka iwe kavu. Mnunuzi anayetaka betri ikiwa imemwagwa anamwachia muuzaji sehemu mbaya ya kazi, maana tindikali hiyo ina risasi na inaishia kwenye kiwanja cha muuzaji. Betri isimamishwe wima kwenye beseni la plastiki, itolewe nzima, kwa mtu mwenye kibali cha kuikusanya.

Betri za kompyuta mpakato ni za aina nyingine. Hizo zikitobolewa, zikipigwa nyundo au zikiwekwa juani zinaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Iliyovimba isichajiwe tena, na isitupwe ndani ya gunia pamoja na vyuma. Midomo yake ya chuma izibwe kwa gundi ya karatasi, iwekwe peke yake kwenye kopo lenye mchanga mkavu. Ndani ya mazabodi nako kuna kibetri kidogo mfano wa sarafu. Mtoto akikimeza kinaweza kutoboa koo ndani ya saa chache, hivyo kitolewe mapema na kisiachwe mezani.

Kilichomo kwenye diski

Hadi hapa habari imekuwa ya sumu. Kuna hasara nyingine ambayo haina harufu.

Chukulia kompyuta ya AMCOS ya pamba. Humo kuna orodha ya wanachama, namba zao za simu, namba za vitambulisho vya taifa, akaunti za benki na kilo alizouza kila mmoja. Kompyuta ya duka la kuchapa ina zaidi ya hapo: vyeti vya watu vilivyoskaniwa, mikataba ya viwanja, picha za pasipoti, barua za kesi. Mwenye kompyuta anafuta mafaili, anaondoa yaliyomo kwenye kapu la taka, anaiuza. Anaamini imekuwa tupu.

Kufuta faili ni sawa na kung'oa kibao cha jina kwenye nyumba. Nyumba inabaki na watu ndani. Kompyuta inaandika tu kwamba nafasi ile iko huru. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, programu za bure za kurejesha mafaili zinaweza kuyafufua. Hata kufomati kwa haraka hakubadili hali hiyo. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski kuukuu sokoni nchini Ghana, na katika moja, iliyouzwa kwa dola 40, walikuta nyaraka za mikataba ya kampuni ya zana za kijeshi ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Kama kampuni kama hiyo iliteleza, duka la fotokopi la Katoro halina sababu ya kujiamini.

Dawa yake si ghali. Kwanza kabisa, kabla ya kufuta, mwenye biashara anakili hesabu zake kwenye diski ya nje au flashi mbili zilizowekwa sehemu mbili tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano, na kusema kwamba kompyuta ilikufa si jibu litakalomridhisha mkaguzi. Mashine ya EFD nayo isichanganywe na takataka nyingine, kwani ina kumbukumbu za kodi na kuiacha hufuata utaratibu wa TRA.

Baada ya kunakili, kama kompyuta bado inawaka, Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuirejesha mashine kama mpya. Humo achague kuondoa kila kitu, kisha achague pia kusafisha diski, jambo linalochukua saa nyingi badala ya dakika chache. Ni vyema kuiacha usiku kucha siku ambayo umeme ni wa uhakika. Kwa diski za zamani zinazozunguka, kuandika juu mara moja diski nzima kunatosha. Habari kwamba ni lazima kurudia mara saba zimepitwa na wakati. Diski za kisasa zisizozunguka, ambazo mafundi huziita SSD, hazisafiki vizuri kwa kuandika juu, na zinahitaji amri maalumu ya kufuta inayotolewa na mtengenezaji wake. Fundi anayefahamu kazi yake anajua tofauti hiyo, na kumuuliza ni njia nzuri ya kumpima.

Kama kompyuta haiwaki, diski itolewe. Ni kiboksi cha chuma chenye ukubwa wa kitabu kidogo, kilichofungwa kwa skrubu nne. Kitobolewe kwa drili matundu matatu au manne yanayopita kwenye sahani za ndani. Diski ya kompyuta mpakato mara nyingi ina sahani za kioo, hivyo ifungwe kwenye kitambaa kizito kwanza na mtu avae miwani. SSD haina sahani; hapo kinachotakiwa kuvunjwa ni kila kipande cheusi kilichomo ndani.

Tangu Mei 1, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi. Chama cha ushirika, SACCOS, shule au zahanati inayohifadhi taarifa za watu ina wajibu wa kisheria juu ya taarifa hizo, na wajibu huo hauishii siku mkokoteni unapoondoka na sipiyu.

Kabla ya kuitupa

Mashine nyingi zinazotangazwa kufa zimechoka tu. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kumi kuwaka inaweza kufanya kazi miaka kadhaa zaidi ikipuliziwa vumbi, ikiongezwa rami na kubadilishiwa diski ya zamani kwa SSD ndogo. Isiyoweza kupokea Windows mpya inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na unatosha kabisa kwa kuandika barua, hesabu na kuingia intaneti. Fundi asiyetaka kuusikia mfumo huo pengine hajaujaribu.

Iliyokufa kweli bado ina vipuri. Rami, feni, kisambaza umeme, kioo cha kompyuta mpakato na hata kibodi vina mteja, na fundi atavinunua kwa bei kubwa kuliko ile ya kilo ya chuma. Sanduku tupu la chuma halina sumu ya kutisha na linaweza kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila wasiwasi.

Kuhusu kuipa shule, lisemwe wazi. Shule ya kata iliyopewa kompyuta kumi zisizowaka imepewa kazi ya kutafuta pa kuzitupa, pamoja na mgeni rasmi na picha ya pamoja. Anayetoa aziwashe mbele ya mwalimu mkuu, ahakikishe shule ina umeme na mtu wa kufundisha, na aulize zitakwenda wapi zikiisha.

Pa kuzipeleka

Kisheria mambo yamekaa vizuri kuliko mtaani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu taka hizi kuwa zinazohitaji uangalizi, na mwaka 2021 zilitoka kanuni mahsusi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kanuni hizo zinataka anayezikusanya, kuzisafirisha au kuzirejeleza awe na kibali. Mlango wa kwanza kwa mtu wa Geita au Shinyanga ni afisa mazingira wa halmashauri yake, ambaye kazi yake ni pamoja na kumweleza ni nani mwenye kibali hicho kwa wakati huo. Kuuliza ni bure.

Ugumu uko kwenye umbali. Wakusanyaji wenye vibali wamejikita zaidi Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, na hakuna atakayetuma gari kwa ajili ya sipiyu mbili. Gari linatumwa penye mzigo. Hapo ndipo umoja wa wafanyabiashara wa soko, chama kikuu cha ushirika, au hata shule kadhaa kwa pamoja, wanaweza kufanya lile asiloliweza mmoja: kutenga chumba kimoja kikavu chenye kufuli, sakafu ya saruji, kisichohifadhi mahindi wala mbolea, wakaorodhesha kinachoingia hadi kitakapotosha kuitwa mzigo. Kahama iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Rusumo, na malori mengi yanayopeleka bidhaa Rwanda na Burundi hurudi pwani yakiwa na nafasi. Mkusanyaji mwenye kibali cha kusafirisha anaweza kuitumia nafasi hiyo kwa nauli nafuu. Dereva wa kawaida hawezi kubebeshwa mzigo huo kienyeji, kwa kuwa akikamatwa nao hana karatasi.

Wapo wanaotazama upande wa pili wa barabara hiyo hiyo. Rwanda ina kiwanda cha kurejeleza taka za elektroniki wilayani Bugesera kilichoanza mwaka 2018, na kutoka Kahama mpaka wa Rusumo ni karibu kuliko Dar es Salaam. Lakini taka hazivuki mpaka kama mchele. Chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Tanzania ni mwanachama, nchi inayopokea lazima iridhie kwanza kwa maandishi, na tangu Januari 1, 2025 sharti hilo linahusu taka zote za elektroniki, ziwe za sumu au la. Utaratibu huo si wa mwenye duka mmoja. Kwa kampuni ya ukusanyaji yenye mzigo wa kutosha unawezekana.

Mwenye mzigo anapoukabidhi, adai karatasi yenye jina la aliyepokea, namba ya kibali chake, tarehe, na idadi ya vilivyochukuliwa: monita ngapi, betri ngapi, sipiyu ngapi. Namba ya kila sipiyu imebandikwa nyuma au chini ya sanduku. Inanakiliwa kabla haijapakiwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kuisoma.